Michezo ya hesabu na mafumbo kwa watoto wa miaka 3 hadi 8: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi na walimu wa awali na madarasa ya mwanzo. Umri tuliotaja ni makadirio tu. Mtoto wa miaka 5 ambaye hajawahi kucheza na kete (vitu vidogo vya kuhesabia) aanze pale anapoanzia wa miaka 3, na haoni aibu mtu asipomwambia kwamba amechelewa.

Ninunue nini?

Karibu hakuna. Tafuta vizibo 40 vya chupa za maji (vya plastiki ni bora kuliko visoda vya bati, ambavyo kingo zake hukwaruza vidole), trei moja ya mayai ya karatasi, vijiti 60 vya urefu wa kidole, dadu mbili, chaki, kalamu ya wino mzito na boksi la kukata kadi. Weka vyote kwenye mfuko mmoja unaofungwa.

Kama kuna mtoto chini ya miaka 3 nyumbani, pima kila kitu kwa bomba la katoni la karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba. Vizibo vinapita, kwa hiyo vichezewe ukiwepo na vihesabiwe vikirudi mfukoni. Maharage na mahindi tunashauri yaachwe kabisa kwa wadogo. Huingizwa puani au masikioni, na huko yakipata unyevu huvimba.

Mwanangu anahesabu mpaka 20 bila kukosea, lakini nikimuuliza "viko vingapi?" anaanza kuhesabu upya. Tatizo ni nini?

Hana tatizo. Anachokijua ni wimbo wa namba, na wimbo huo si hesabu. Bado hajatambua kwamba neno la mwisho alilolitamka ndilo jibu la "vingapi". Watoto hupata maana ya moja kwanza, kisha mbili, kisha tatu, kila moja kwa wakati wake, na baina ya hatua na hatua inaweza kupita miezi. Kumfundisha kuhesabu mpaka 50 hakuharakishi jambo hili hata kidogo.

Mchezo unaosaidia tunauita "Nipe". Weka kete 10 kwenye bakuli lake, wewe shika sahani tupu. Sema: "Nipe kete mbili." Akikupa, usimwambie amepata au amekosa. Zihesabu naye mkigusa moja moja, kisha zungushia kidole sahani nzima useme: "Kete mbili." Kile kitendo cha kuzungushia ndicho kinachomwonyesha kwamba "mbili" ni jina la zote kwa pamoja, wala si jina la ile ya mwisho. Siku nyingine muombe tatu. Akichota konzi nzima kila unapotaja tatu, rudi kwenye mbili na moja kwa siku kadhaa. Kosa kubwa la watu wazima hapa ni kurukia tano kwa sababu mtoto "anajua kuhesabu".

Kwa nini anachanganya "mbili", "viwili", "wawili" na "mawili"?

Kwa sababu lugha yetu inamtaka afanye kazi mbili kwa pamoja. Moja hadi tano, na nane, hubadilika kufuata ngeli: watoto wawili, vizibo viwili, machungwa mawili, miti miwili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtoto wa miaka 3 anayesikia "moja, mbili, tatu" kwenye wimbo kisha "kimoja, viwili, vitatu" kwenye vizibo anaweza kudhani ni maneno tofauti kabisa.

Dawa yake ni nyepesi. Anza na vitu ambavyo idadi yake hutamkwa sawasawa na wimbo: kete, mbegu, ndizi, chupa, sahani, karata. Kete moja, kete mbili, kete tatu. Akishaelewa idadi mpaka tano, ndipo ulete vizibo na machungwa. Hata vizibo vyenyewe unaweza kuviita "kete" wakati wa mchezo, navyo vitakuwa kete. Akisema "vizibo mbili", usimkatize. Itikia kwa sauti ya kawaida, "Ndiyo, vizibo viwili," mchezo uendelee. Idadi amepata, sarufi itafuata.

Amepita kumi na moja mpaka kumi na tisa kwa urahisi, ila kwenye makumi anakwama. Anasema "ishirini na kumi".

"Kumi na moja" inajieleza yenyewe, na huo ni msaada mkubwa ambao Kiswahili kinampa mtoto. Shida inaanza kwenye ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini. Maneno haya yametoka Kiarabu, nayo hayafanani na mbili, tatu, nne, tano na nane hata kwa herufi. Sitini, sabini na tisini zina nafuu, kwani sita, saba na tisa zinasikika ndani yake. Kwa hiyo "ishirini na kumi" ni jibu la mtoto mwenye akili anayefuata kanuni iliyomfaa tangu kumi na moja.

Cheza "Mafungu". Wachezaji wawili, vijiti 60 katikati, raba au kamba fupi 6. Kila mmoja kwa zamu anarusha dadu na kuchukua vijiti kwa idadi iliyotokea. Akifikisha kumi, anafunga fungu. Wa kwanza kupata mafungu matatu ameshinda. Kila baada ya zamu mchezaji hutangaza alichonacho kwa namna mbili: "Makumi mawili na vijiti vinne; ishirini na nne." Tamko la kwanza linabeba maana, la pili linabeba jina. Mkiacha la kwanza, mchezo hubaki kufunga kuni.

Yanayoharibika: wapo wanaofunga vijiti tisa au kumi na moja. Usifungue wewe. Mpe mwenzake akague fungu kabla halijawekwa kando, na likikutwa na kasoro lirudi wazi. Na akiwa na vijiti 8 kisha akapata 5, wengi hutaka kufunga vyote 13. Muulize tu, "Fungu ni vingapi?" kisha subiri.

Trei ya mayai inatumikaje?

Trei ya kawaida ya mayai 30 ina safu 5 kwa 6. Ikate kwa mkasi kila baada ya safu mbili za matundu matano, utapata vipande vitatu, kila kimoja na matundu 10: matano juu, matano chini. Kwa senti chache umepata kifaa ambacho hatuoni kinachokishinda kwa watoto wa miaka 4 hadi 7.

Sharti ni moja: safu ya juu ijae kwanza, kutoka kushoto, ndipo ya chini ianze. Hapo 7 huonekana kila siku kuwa tano na mbili, na 9 kuwa kumi kasoro tundu moja. Mtoto akitawanya kete ovyo kwenye matundu, picha hiyo hupotea na analazimika kuhesabu moja moja.

Michezo mitatu ya trei, kwa mfuatano wa ugumu. Wa kwanza: funika trei kwa kitambaa, funua kwa muda wa kutamka "moja, mbili", funika tena, kisha uliza umeona ngapi na *umejuaje*. Swali la pili lina thamani kuliko la kwanza. Jibu kama "juu zilijaa, chini kulikuwa na mbili" ndilo unalolitafuta. Wa pili: weka kete 6, muulize zimepungua ngapi kujaza trei. Akitaka, ahesabu matundu matupu kwa kidole, maana ameyaona. Wa tatu, kwa miaka 6 na kuendelea: trei mbili, moja ina 8 na nyingine 5. Jumla ni ngapi? Mwache ahamishe kete mbili kujaza ya kwanza. Zimebaki tatu, basi 13. Mtoto aliyehamisha kwa mkono mara ishirini ataanza kuhamisha kwa macho, na baadaye kichwani.

Njia ya namba ni nini, na kwa nini mnasisitiza iwe mstari mnyooka?

Chora kwa chaki sakafuni vyumba 10 vilivyopangana, vyote kwa ukubwa sawa, kiatu kimoja kiingie kila chumba, na andika 1 hadi 10 kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto wa miaka 4 arushe sarafu: upande mmoja ni hatua moja, wa pili ni hatua mbili. Anasogeza kete yake huku akitamka namba *zilizoandikwa* kwenye vyumba anavyopita.

Neno hili la mwisho ndilo roho ya mchezo. Akiwa kwenye 5 na amepata hatua mbili, aseme "sita, saba", asiseme "moja, mbili". Mwaka 2008 watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler waliuchezesha mchezo wa namna hii kwa watoto wa shule za awali nchini Marekani waliotoka katika familia zenye kipato kidogo. Vipindi vichache vya robo saa vilitosha kuinua uelewa wao wa namba, ilhali wenzao waliocheza ubao wa rangi bila namba hawakupata faida hiyo. Kazi yao iliyofuata ilionyesha kwamba ubao mnyooka ulisaidia kuliko wa mviringo. Sababu inaonekana hata kwa jicho: kwenye mstari, 8 iko mbali na mwanzo kuliko 4, na mkono uliotembea umbali huo unakumbuka. Kwenye duara 10 na 1 ni majirani.

Kosa la kila mara ni mtoto kuhesabu chumba alichosimama kuwa hatua ya kwanza. Usimkemee. Mwambie aruke kweli kwa miguu badala ya kusogeza kete. Mwili hauwezi kuruka hadi pale ulipo.

Dini yetu hairuhusu dadu wala karata nyumbani. Tufanyeje?

Hesabu haihitaji dadu. Andika 1 hadi 6 kwenye vizibo sita, vitie kwenye mfuko wa kitambaa, mtoto achomoe kimoja na kukirudisha. Badala ya karata kata kadi 40 za boksi, nne kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Upande mmoja wa kadi weka tarakimu, na chini yake nukta za idadi hiyo. Wenye karata za dukani waondoe zile 12 za picha. Ree ihesabiwe kuwa moja, zitabaki 40 zilezile.

Kwa kadi hizo chezeni "Kumi". Pangeni kadi 12 zikiwa zimefunuliwa, safu tatu za nne. Mwenye zamu anachukua jozi inayotimiza kumi: 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Kadi ya 10 inachukuliwa peke yake. Nafasi zilizoachwa zinajazwa kutoka kwenye rundo. Zisipokuwepo jozi, ongezeni kadi mbili. Kwa miaka 5 punguzeni: kadi 1 hadi 4 peke yake, na lengo liwe tano.

Bao la Kiswahili linamfaa mtoto wa darasa la kwanza?

Bao kamili, hapana. Lina mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na mchezo huanza kila upande ukiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya namua, yaani ile ya mwanzo ya kuingiza ubaoni kete za mkononi, peke yake inamtaka mtu akumbuke sheria nyingi kuliko uwezo wa mtoto wa miaka 6. Bao la kujifunzia, ambamo kila shimo lina kete mbili tangu mwanzo, lifikiriwe akifika miaka 8 au 9.

Kabla ya hapo chimba mashimo mchangani: safu mbili za mashimo manne, kete tatu kila shimo. Mchezaji anachota kete zote za shimo lake moja na kuzisambaza moja moja kuelekea kulia kwake, zikizunguka hadi upande wa pili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu la upande wake, anakula zilizo kwenye shimo linaloelekeana nalo, anaziweka kando. Mmoja akiishiwa kete upande wake ndipo mchezo unaisha. Mwenye kete nyingi zilizoliwa ameshinda. Hesabu iko kwenye swali moja linaloulizwa kabla ya kuchota: "Ya mwisho itaangukia wapi?" Mara ya kwanza atabahatisha. Baada ya wiki utamwona anatikisa kichwa taratibu, akihesabu mashimo kwa macho.

Na mdako? Watoto wanaucheza wenyewe, kuna hesabu humo?

Ipo, tena ya kugawanya. Chukua kokoto 12 ndani ya duara, na moja ya kurusha juu. Duru ya kwanza, kila unaporusha unatoa moja: marusho 12. Duru ya pili unatoa mbilimbili: marusho 6. Tatutatu ni marusho 4, nne nne ni 3. Duru ya tano inatoa tano mara mbili na kokoto mbili zinabaki zimekodoa macho. Mtoto wa miaka 8 aliyeyaona mabaki hayo kwenye vumbi hatayashangaa kwenye daftari. Muulize kabla ya duru: "Utarusha mara ngapi? Zitabaki?" Kisha badilisha kokoto ziwe 11, uone atakavyokunja uso: duru pekee isiyobakiza ni ya kwanza, mpaka afike duru ya kumi na moja.

Mafumbo gani yanafaa kwa watoto wasiojua kusoma vizuri?

Yale yanayoshikika. La chui, mbuzi na majani linajulikana kwa wengi: mtu ana mtumbwi unaobeba yeye na mzigo mmoja tu, chui akiachwa na mbuzi atamla, mbuzi akiachwa na majani atayala. Tandika kanga iwe mto, kata picha tatu, tumia kifuniko kuwa mtumbwi. Kuna safari saba. Watoto karibu wote hukwama palepale, safari ya nne, kwa sababu njia ni *kumrudisha* mbuzi, na kurudisha kilichokwisha vuka kunahisi kama kushindwa. Usitoboe siri. Uliza tu, "Nani anaweza kuachwa na nani?" Anajibu: chui na majani. Mengine yatatoka humo.

La miaka 6 hadi 8 tunalolipenda kuliko yote ni pembetatu. Chora duara sita: tatu kwenye pembe, na moja katikati ya kila upande. Andika 1 hadi 6 kwenye vizibo. Panga vizibo ili kila upande wa pembetatu, yaani vizibo vitatu, uwe na jumla ya 9. Vizibo vinahamishika bila kufuta, na hapo ndipo mtoto anathubutu kukosea. Jibu: pembeni 1, 2 na 3, kati ya 1 na 2 weka 6, kati ya 2 na 3 weka 4, kati ya 1 na 3 weka 5.

Akimaliza, fumbo halijaisha. Muulize kama inawezekana kila upande uwe 10. Inawezekana, pembe zikiwa 1, 3 na 5. Kwa 11 pembe ni 2, 4 na 6. Kwa 12 ni 4, 5 na 6. Je, 13? Haiwezekani, na mtoto wa miaka 8 anaweza kueleza kwa nini: namba za pembeni huhesabiwa mara mbili, na hata ukiweka pembeni zile kubwa kuliko zote, jumla haitoshi. Mpe siku mbili tatu. Aliyemaliza yote hayo apewe mraba wa vyumba tisa, namba 1 hadi 9, kila safu, kila wima na kila mshazari 15. Dokezo pekee ni kwamba 5 inakaa katikati.

Fumbo limemshinda na anataka nimwambie jibu.

Punguza fumbo, usilitatue. Kwenye pembetatu, weka wewe kizibo cha 6 mahali pake, zibaki tano. Au mwombe afanye upande mmoja tu uwe 9. Ukiuliza swali, kaa kimya kwa muda wa pumzi tatu kamili. Watu wazima wengi hujibu swali lao wenyewe kabla mtoto hajafumbua mdomo. Akichoka, acheni vizibo vilivyo, rudini kesho.

Anaiba hatua, au analia akishindwa.

Miaka 4 na 5 ni kawaida. Chezeni mkiwa upande mmoja: kete moja ya wote, lengo ni kufika 20 kabla chaki ya "mvua" haijachorwa mara 8. Anayeruka hatua mpe kazi ya kukagua hesabu za wenzake. Wengi hugeuka wakali wa sheria. Saa ya kupima kasi usiitumie kabisa kwenye umri huu. Mtoto mwenye haraka hubahatisha, na mwenye kufikiri taratibu huondoka akiamini hana akili ya hesabu.

Darasa langu lina watoto 60. Nitachezeshaje?

Vikundi 15 vya wanne, kila kikundi na mfuko wake wenye namba: vizibo 24, dadu moja, kipande kimoja cha trei. Fundisha mchezo mmoja tu kwa wiki nzima, kwanza kwa watoto 15 (mmoja kila kikundi), kisha wao wawafundishe wenzao. Mwisho wa kipindi kila kikundi kipange vizibo vyake kwenye trei: mara mbili ijae, vibaki vinne. Dakika moja inatosha kujua mfuko upi una pungufu, na hiyo nayo ni hesabu ya siku.

Vipi programu za simu?

Jaribu wewe kwanza. Ikimruhusu mtoto kubofya majibu yote mpaka apate, ifute. Ikionyesha vitu vinavyosogezwa na haina kipima muda, dakika 10 si mbaya, ukiwa umekaa naye.

Anasoma saa ya ukutani vibaya: mshale mfupi uko kwenye 9, naye anasema "saa tisa".

Anasoma kilichoandikwa, nasi tunasema saa tatu. Ligeuze liwe fumbo la miaka 7. Chora uso wa saa kwenye sahani ya karatasi, toboa katikati, pitisha kijiti kinachofika kingo zote mbili. Ncha moja ipake rangi. Ncha yenye rangi ikigusa 9, nyingine inagusa 3; ikigusa 7, nyingine iko kwenye 1. Mwache azungushe na kuandika jozi zote sita: 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9, 4 na 10, 5 na 11, 6 na 12. Kisha uliza tofauti ya kila jozi ni ngapi. Tumieni saa kamili tu mwanzoni. Nusu na robo zisubiri mpaka jozi hizi azitamke bila kuangalia sahani.